Njia Iliyohamia Ofisini

Wegesa alikuwa ameweka miguu juu ya kreti la soda chini ya meza, kama alivyoelekezwa na daktari, na alikuwa anamjibu dereva kwenye redio ya upepo kwamba wageni wake wa mchana watakula wali na kuku, njia ilipoingia.

Iliingia kwa mlango wa mbele, siku ya Jumatatu, ofisi ikiwa imeshafunguliwa. Ilipita kando ya kitambaa cha kufutia viatu, ikapita chini ya meza yake, ikapinda kwenye dispensa ya maji, ikaingia chumba cha uhasibu, halafu ikaishia stoo. Ilikuwa njia ya miguu tu, ya upana wa mtu mmoja au ng'ombe mmoja, nyekundu katikati na nyasi pembeni. Wegesa alimaliza kwanza na yule dereva, maana hairuhusiwi kuacha redio maneno yakiwa katikati. Kisha akaangalia chini, akaitambua. Ilikuwa na lile jiwe lenye mgongo, ambalo hakuna mwanamke wa kitongoji chao ambaye hajawahi kujikwaa pale akiwa na ndoo kichwani.

Kudra, anayefanya usafi, alikuja na fagio akasimama.

"Dada Wegesa, hii nayo niifagie au niiache?"

"Fagia pembeni. Katikati itafagiliwa na miguu."

"Na hizi nyasi?"

"Ziache. Ni zake."

Kudra akafagia pembeni.

Ofisi hiyo ni ya Kambi ya Nyasi Ndefu, kambi ya watalii, nayo iko kando ya barabara ya vumbi inayotoka Robanda kwenda geti la hifadhi la Ikoma. Njia yenyewe ilikuwa ya watu wa kitongoji kimoja cha Robanda, anakotoka Wegesa. Ilianzia nyuma ya nyumba zao ikaenda mpaka mtoni, na upande wa pili wa mto ilipanda mpaka kanisani. Kampuni yenye kambi ilipopewa eneo la katikati iliweka uzio wa umeme, ikasema ni kwa ajili ya tembo, na njia ikabaki ndani ya uzio. Tangu hapo watu wanazunguka kwa barabara, wao na ndoo zao na baiskeli zao, pamoja na magari ya watalii na malori ya kokoto. Njia haikukanyagwa tena na mtu. Watu wa kitongoji waliposikia kwamba imehama, walisema ilikaa sana peke yake, na afadhali imepata pa kwenda.

Wegesa alipewa kazi ya redio baada ya mume wake kufa. Mumewe aliitwa Sylvester. Alikuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli kila asubuhi, akipita kwenye njia hiyo, na ilipofungwa akawa anapita barabarani. Siku moja kwenye ile kona ya mwisho kabla ya Robanda, gari lilimkuta katikati ya vumbi la gari lililotangulia. Halikusimama, na hakuna aliyeona namba yake. Kampuni ilituma mchele na sukari msibani, na baada ya arobaini ikatuma mtu kumwita mjane aje apewe kiti. Wegesa alikuwa ameishia darasa la saba, ila sauti yake ilikuwa inasikika vizuri redioni kwa sababu ya kwaya. Akakaa.

Hapo ndipo mwili ulipoanza kumsumbua. Mwanamke aliyelima tangu akiwa msichana, akabeba maji, akabeba kuni, akacheza kwaya kila Jumapili, akawekwa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka jioni. Anapakiwa kwenye bodaboda kuja, anapakiwa kwenye bodaboda kurudi. Miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa. Mgongo ukawa unamwamsha kabla ya jogoo. Pale kituo cha afya daktari alimpima presha akampima sukari, akamwangalia kwa muda.

"Mama," alisema, "ugonjwa wako ni kiti."

Akamwambia asimame mara kwa mara, atembee, anyooshe mikono, apande ngazi. Wegesa alimweleza kwamba ofisi yao haina ghorofa, na redio haitaki mtu aondoke. Daktari akasema basi hata kuzunguka meza. Wegesa akawa anaizunguka meza, kama mbuzi aliyefungwa kambani, urefu wa waya wa ile redio ukimruhusu.

Meneja Godwin naye alikuwa na wasiwasi na afya za watu wake, hilo lazima lisemwe. Alisoma mahali kwamba mfanyakazi anayekaa siku nzima anaharibika moyo, akaagiza kutoka Arusha mpira mkubwa wa kukalia, wa kuimarisha mgongo. Tomaso mhasibu aliukalia asubuhi moja, akaanguka nao mpaka mlangoni. Ukawekwa nje ya dirisha, fisi wakauchukua. Kwa hiyo njia ilipofika, Godwin aliitazama kutoka mlango hadi stoo, akaikanyaga kidogo kwa kiatu chake kizuri, akasema, "Hii inaweza kutusaidia."

Na kweli ilisaidia. Ofisi ina vyumba vinne na ukumbi mdogo, lakini njia haikufupika kwa sababu ya kuingia ndani. Mtu akitoka kwenye meza ya Wegesa kwenda stoo anatembea umbali uleule wa zamani, wa kutoka kitongojini mpaka karibu na mto. Anapita pale penye miiba, anashuka korongo dogo lililokuwa kati ya dispensa na mashine ya fotokopi, anapanda, anatoka jasho. Anarudi na kishonanguo kwenye suruali. Wafanyakazi wakawa wanatembea saa ya chakula. Aliyekuwa na maumivu ya kiuno akasema yamepungua. Godwin akaandika barua pepe makao makuu, wakafurahi, wakaiita Mpango wa Afya Kazini. Fundi akaja akapaka namba ya mali ya kampuni, kwa rangi nyeupe, juu ya lile jiwe lenye mgongo.

Wegesa alipewa redio ya mkononi ili naye atembee. Siku ya kwanza alivua viatu. Hakukusudia, miguu ndiyo iliyovitoa. Alitembea taratibu, redio ikimwita kwenye mkono, yeye akijibu kwamba gari la mafuta limeshatoka na kwamba wageni wa kambi ya juu wanaomba blanketi, huku nyayo zake zikikumbuka kila shimo. Alipofika stoo, njia iliishia ukutani, nyuma ya maboksi ya sabuni. Upande wa pili wa ukuta mto ulisikika. Akaegemeza shavu kwenye ukuta, ulikuwa wa baridi. Akarudi mezani akakaa.

Baada ya wiki chache miguu yake iliingia kwenye viatu bila ugomvi.

Marehemu walianza kupita katika majuma hayohayo. Ilikuwa njia yao, hawakuwa na nyingine, na ilipohama walihama nayo. Walipita saa za kazi, kama walivyokuwa wakipita walipokuwa hai: wazee wenye fimbo wakienda kuangalia ng'ombe, wanawake wenye ndoo, mwalimu mmoja wa zamani aliyekuwa akienda shule na chaki mfukoni. Walisalimia mlangoni. Wafanyakazi waliwaitikia, shikamoo na marahaba, wakajisogeza kidogo na viti ili wapite. Godwin, ambaye si mtu wa huku, aliuliza tu kama wanajiandikisha kwenye kitabu cha wageni. Kudra akamjibu kwamba wao si wageni. Godwin akaliacha jambo hilo.

Aliyepata shida ni Tomaso. Mama mkwe wake, aliyekufa mwaka wa mvua nyingi, alikuwa anapita kila siku kwenda mtoni na kurudi, na njia ilikuwa inapita katikati ya chumba cha uhasibu. Kwa watu wa huku mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake njiani. Akimwona kwa mbali anaingia porini, anageuza mgongo, anasubiri mpaka apite. Kufa hakubadilishi ukwe. Kwa hiyo kila aliposikia ile sauti ya kandambili, Tomaso alikuwa anaruka kutoka kitini na kujificha nyuma ya kabati la chuma, tumbo limeingizwa ndani.

"Mkwe yupo?" bibi yule alikuwa akiuliza, macho akiyaelekeza darini kwa heshima.

"Hayupo, mama," Kudra alikuwa anajibu. "Yuko porini."

"Haya. Msalimie. Mwambie mjukuu wangu anywe maziwa."

"Amesikia," alisema Kudra.

Tomaso alikuwa anaruka wakati wa kwenda na anaruka tena wakati wa kurudi. Kitambi kilimtoka ndani ya miezi miwili bila yeye kwenda popote. Mke wake alikuja ofisini na kuku kumshukuru meneja.

Wegesa aliwaangalia wote waliopita. Alikuwa mtu wa kuangalia tangu zamani. Alimwona baba mzazi wa mchungaji. Alimwona rafiki yake wa kwaya aliyefariki kwa uzazi, akipita na ndoo, akiimba sauti ya pili, na Wegesa akaimba ya kwanza kwa sauti ya chini mpaka redio ilipomwita. Kila asubuhi, wakati ambao maziwa yalikuwa yakipita, moyo wake ulikuwa unasimama kidogo kama mtu anayesikiliza mlango.

Sylvester alikuwa na tabia moja. Akifika kwenye lile jiwe, anapiga kengele ya baiskeli, mara moja tu, ili mkewe aliyeko shambani ajue kwamba amefika hapo salama. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ile kengele ndiyo ilikuwa maneno yake. Sasa jiwe lilikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti cha Wegesa, na namba yake nyeupe, na kengele haikulia.

Alianza kuvaa kile kitenge cha bluu ambacho Sylvester alikinunua kwenye mnada. Alianza kuja na chupa ya uji wa ulezi, akaiweka pembeni ya redio, na jioni alikuwa anaunywa mwenyewe ukiwa umepoa. Aliomba. Hakuomba mumewe afufuke, alijua siku ya ufufuo ina mwenyewe. Aliomba apite tu, kama wengine wanavyopita.

Alimuuliza mchungaji kama ni dhambi kumsubiri. Mchungaji alisema Mungu ni Mungu wa walio hai. Baadaye akauliza baba yake huwa anapita saa ngapi, kwa sababu alikuwa na jambo la mipaka ya shamba alilotaka kumuuliza.

Wakati huo ndipo Mzee Wangwe, mwenyekiti wa kitongoji, alipokuja na wanawake wawili wenye ndoo. Godwin aliwapokea vizuri. Aliinuka, akasema shikamoo, akawapa viti, na Kudra akaleta soda.

"Tumekuja kwa ajili ya njia," alisema Mzee Wangwe.

"Karibuni sana. Iko salama, mzee. Tunaitunza."

"Tunaiona. Sisi tunaomba mtufungulie uzio, tupite tunakopita siku zote. Watu wanakufa barabarani. Huyu hapa mume wake alifia barabarani." Akamwonyesha Wegesa kwa kidevu. Wegesa alikuwa anaandika jina la dereva.

Godwin alifikiri kwa uaminifu kabisa. Hakuwa mtu mbaya.

"Mzee, tuangalie jambo lenyewe. Mnasema uzio unazuia njia."

"Unazuia."

"Lakini kule kwenye uzio sasa hakuna njia. Nendeni mkaangalie, ni nyasi tupu. Uzio utakuwa unazuia nini?"

"Njia si iko hapa kwenu?"

"Iko hapa, na hapa hakuna uzio. Mlango uko wazi saa zote za kazi. Mwananchi yeyote anakaribishwa kupita."

Wanawake wakatazamana. Mmoja wao, Agness, alisimama, akatwika ndoo, akaingia njiani. Mwenzake akamfuata. Walitembea umbali wote, wakashuka korongo, wakapanda, wakapita nyuma ya Tomaso, wakafika stoo. Walikaa huko kitambo. Waliporudi ndoo zilikuwa tupu na vichwa vyao vina vumbi.

"Maji tumeyasikia," alisema Agness. "Yako nyuma ya ukuta wenu."

"Ukuta ule unabeba paa," alisema Godwin kwa masikitiko.

Mzee Wangwe alimaliza soda yake polepole. Aliiweka chupa chini, juu ya nyasi.

"Mura, kijana wangu," alisema, "ardhi mliichukua ninyi wenyewe. Njia nayo imewafuata kama mbwa. Sijui mnailisha nini."

"Imekuja yenyewe, mzee. Ikitaka kurudi hatutaifunga."

"Irudi wapi? Kwenye umeme?"

Mzee aliaga kwa adabu, akazunguka na wanawake wake kwa barabara. Makao makuu waliposikia waliandika kwamba mgogoro wa njia umekwisha kwa sababu njia haipo tena katika eneo linalolalamikiwa.

Siku mbili tatu baadaye alipita mama mkwe wa Wegesa, Mama Robhi, aliyemzaa Sylvester. Alikuwa hajapita hapo kabla. Alisema alikuwa anasumbuliwa na goti. Alisimama mbele ya meza na ndoo yake kichwani, akamkagua mkwewe kuanzia juu mpaka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Walisema umenenepa kama mke wa diwani. Mbona sioni?"

"Nimepungua, mama. Natembea."

"Unatembea wapi, ndani ya nyumba?"

"Humuhumu. Daktari alisema kiti kitaniua."

Mama Robhi alikitazama kile kiti. Kilikuwa cheusi, na sehemu ya kuwekea mikono. "Kinafanana na kitu kizuri," alisema. Akataka kuendelea na safari yake, na Wegesa akasimama, redio ikiwa inaita.

"Mama, Sylvester yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Njia gani? Mimi niko hapa kila siku namsubiri. Wengine wote wamepita. Hata yule mlevi wa Nata amepita, anatafuta kofia yake. Kwa nini yeye hapiti? Amenikasirikia? Ni kwa sababu nilikubali kazi yao?"

Mama Robhi alishusha ndoo, jambo ambalo mwanamke hafanyi katikati ya safari kama hana neno zito.

"Mwanangu, mimi nilikufa njia hii ikiwa wazi. Hawa wote unaowaona walikufa ikiwa wazi. Mtu anapita pale miguu yake ilipozoea mwisho. Mwanangu mliyemzika nyinyi, miguu yake ilizoea mwisho barabara. Hii ilikuwa imefungwa. Sasa huku angepitaje?"

Wegesa alilitazama lile jiwe.

"Hana hasira na wewe. Anasukuma baiskeli yake huko kwenye vumbi, maziwa yanaganda, anatafuta pa kuingilia."

"Mtu wa redio, mtu wa redio," redio iliita. "Ofisi, mnanipata?"

"Jibu kazi yako," alisema Mama Robhi, akatwika ndoo akaondoka.

Wegesa alijibu. Alimwambia dereva kwamba chakula cha wageni wake kiko tayari. Sauti yake ilisikika vizuri kama siku zote. Kisha alikaa, mikono juu ya meza, akaiangalia ile njia iliyokuwa chini ya miguu yake muda wote huo. Alijua sasa kwamba alisubiri mahali ambapo mtu wake alizuiwa kupita, na kwamba waliomzuia ndio waliompa kiti cha kusubiria. Hakulia. Kudra alipopita na ndoo ya deki alimwekea mkono begani, akaendelea na deki.

Saa za kazi zilipokwisha Ramadhan wa bodaboda alikuwa amesimama nje kama kawaida, pikipiki inaunguruma.

"Leo nenda tu," Wegesa alimwambia. "Natembea."

"Mama Wegesa! Nimekukosea nini? Ni kwa sababu jana niliruka lile tuta?"

"Daktari amesema nitembee."

"Si mnayo njia yenu humo ndani? Watu wanatembea chini ya feni, wanakunywa maji ya dispensa. Wewe uje huku kula vumbi?"

"Ile ni ya wengine."

Ramadhan akamwangalia, akaona kitenge cha bluu, akazima utani. "Basi kaa upande wa kulia uone magari yanayokuja," alisema. "Na ukichoka nipigie."

Jua lilikuwa bado juu. Wegesa alitembea pembeni ya barabara na viatu mkononi. Gari la watalii lilipita, mikono ikampungia, vumbi likamfunika, likatulia. Upande mmoja uzio ulikuwa unakwenda naye, nyaya zake zikilia kidogo kama nzi. Baada ya mwendo mzuri alifika pale ambapo njia ilikuwa inakata barabara zamani. Hapo kampuni imeweka geti dogo la magari ya kambi, na kibanda cha askari. Askari wa zamu alikuwa Anold, kijana wa Mugumu, mpole.

Mbele ya geti alisimama mwanamume na baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia. Wegesa alipunguza mwendo. Alitaka kwanza kumwangalia kwa nyuma, kama anavyokuwa wakati hajui kwamba anaangaliwa.

"Mzee, nilishakwambia jana," Anold alikuwa anasema. "Na juzi. Hapa pamefungwa. Zunguka."

"Sawa," alisema Sylvester. "Nilidhani labda leo."

"Ningekuwa na uwezo ningekufungulia. Ni maagizo."

"Najua, kijana. Asante."

Akageuza baiskeli. Ndipo akamwona mkewe. Hakushtuka, alimtazama tu kitenge, kisha miguu iliyo peku, kisha uso.

"Umetembea?" aliuliza.

"Nimetembea."

"Ni mbali."

"Daktari ndiye amesema."

"Amesema vizuri," alisema Sylvester. Wegesa aliweka mkono wake juu ya dumu moja la maziwa, lilikuwa la baridi kama ule ukuta wa stoo, lakini hakuuondoa mkono. Akamuuliza kama amechoka. Akasema kidogo. Akamuuliza kama alijua kwamba njia imehamia ofisini. Akasema alisikia, lakini kwamba yeye asingeweza kuingia ofisi ya watu na baiskeli.

Wakaenda pamoja mpaka kwenye kona ya mwisho kabla ya Robanda. Pale Sylvester alisimama. Alisema yeye huwa haendi zaidi ya hapo, na Wegesa akasema anajua. Akaenda nyumbani peke yake, akawasha moto, akala, akasali sala ndefu ya shukrani ambayo ndani yake kulikuwa na swali moja, akalala.

Kuanzia hapo Ramadhan hakumsubiri tena. Mchana Wegesa hufanya kazi yake ya redio na havimbi miguu. Wenzake wanatembea njiani saa ya chakula, Tomaso anaruka nyuma ya kabati, makao makuu yametuma cheti cha ofisi yenye afya bora na Godwin amekitundika juu ya dispensa. Uzio uko palepale. Wanawake wa kitongoji wanachota maji kwa kuzunguka, na msimu wa kiangazi ulipozidi gari lilimgusa mmoja wao, akavunjika mkono, na gari hilo nalo halikusimama.

Kila jioni Wegesa humkuta mumewe getini, akiuliza kama leo pamefunguliwa. Wakati mwingine anafika kabla Sylvester hajamaliza kuuliza. Anasubiri pembeni, kama mke anayemngoja mumewe amalize mazungumzo na mtu.

"Siku hizi mko wawili," Anold alisema siku moja.

"Tuko wawili," alisema Sylvester.

"Basi zungukeni, wazee wangu. Muwe waangalifu, kuna lori la kokoto linakuja."

Walianza kwenda. Lori lilisikika kwa mbali kabla halijaonekana. Sylvester aliinua tairi la nyuma la baiskeli, akaivusha mbele ya Wegesa, akahamia upande wa magari, akamwachia yeye upande wa uzio.